Barua ya kufunga muhula: mashine ya maji, safari ya chuo kikuu, na yale ambayo siwezi kuyanyamazia

Wazazi na walezi wapendwa,

Salaam nyingi kutoka shuleni. Muhula umeisha salama, ripoti za watoto mtazikuta kwa walimu wa darasa siku ya kuwachukua, hisabati ya kidato cha pili imepanda, Kiswahili cha kidato cha kwanza kimeshuka na mwalimu wao ameandika sababu, someni wenyewe. Mi nataka kuanza na safari ya chuo kikuu manake toka turudi namsimulia kila anayekanyaga ofisini, na najua wengi wenu mmeona zile picha kwenye grupu, mkaweka makopa, mkaendelea na shughuli zenu bila kujua hasa watoto walienda kuonyesha nini.

Wametengeneza mashine ya kuua vijidudu kwenye maji kwa jua tupu, hakuna umeme, hakuna betri, hakuna kuni. Ni boksi la mbao la mita moja kwa mita moja, ndani limepakwa rangi nyeusi na kuwekwa bomba la shaba lililozungushwa kama nyoka, juu kuna kioo. Maji yanaingia upande mmoja, yanapata moto mle ndani, halafu kwenye mdomo wa kutokea ndo kuna kitu chenyewe, themostati ya gari, ile ile inayokaa kwenye injini karibu na bomba la rejeta. Ndani yake kuna nta. Nta ikipata joto inayeyuka, ikiyeyuka inatanuka, ikitanuka inasukuma kijiti na kijiti kinafungua mlango, joto likishuka springi inaufunga tena. Waliyoitumia wao imegongwa namba 82 ubavuni, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82, kwa hiyo maji ambayo hayajafika hapo hayatoki, yapende yasipende.

Mzazi utauliza kwa nini 82 wakati sote tumefundishwa kuchemsha mpaka yatokote. Niliwauliza hivyo hivyo. Wakaniambia vijidudu vinavyotuharisha vinakufa mapema kabla maji hayajachemka, ndo maana maziwa ya kiwandani yanapashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu, au 63 kwa nusu saa, na kwamba mwenye kuanzisha njia hiyo ni Mfaransa Louis Pasteur miaka ya 1860 akihangaika na mvinyo uliokuwa unaharibika. Hili halimo kwenye notsi zao za mtihani, wamelitafuta wenyewe. Na nawasifu pia kwa ukweli wao, manake wazo la kutumia themostati ya gari kwenye maji ya jua wengine duniani walishalijaribu, na watoto waliliandika hivyo kwenye bango lao kwa herufi kubwa, hakuna aliyejidai kuwa wa kwanza.

Kilicho chao kabisa ni lile tone, nalo lazima niwasimulie. Kuna kijana wetu wa kidato cha pili, mpole, wengi hata sauti yake hamuijui, asubuhi moja aliwahi kabla ya kengele, jua halijatoka, boksi baridi kabisa, akaona tone la maji linaning'inia kwenye mdomo wa kutokea. Akajiuliza, kama mlango umefungwa hili limetoka wapi? Akaweka glasi chini yake akaingia darasani. Mapumziko ya saa nne glasi ilikuwa na maji kimo cha kidole kimoja, akaibeba kwa mikono miwili mpaka ofisini kwangu, hakusema shikamoo hakusema nini, akaiweka mezani akasema, "Mwalimu, mashine yetu inadanganya." Walipoifungua wakakuta kwenye ukingo wa themostati kuna kitundu kidogo sana chenye kipini kinachochezacheza. Kitundu hicho watengenezaji wanakiweka makusudi ili hewa ipite kwenye injini, kwa gari ni kizuri ila kwa maji ya kunywa ni mlango wa nyuma, yaani wiki zote zile maji mabichi yalikuwa yanapenya kidogo kidogo na kuchanganyika na yaliyoiva. Wakataka kukiziba kwa lehemu, mwalimu wa kemia akawazuia manake lehemu nyingi za mafundi zina madini ya risasi ambayo ni sumu, wakatafuta isiyo na risasi. Kazi ya kitundu kidogo kuliko punje ya mchele iliwachukua wiki mbili na nusu.

Siku ya safari boksi lilifungwa nyuma ya basi kwa kamba na magodoro, kioo kikavuliwa, na binti wa kidato cha tatu akakipakata toka shuleni mpaka tunashuka. Nilimwambia akiweke chini kwenye blanketi apumzike, akakataa. Aliposhuka mapaja yalikuwa na alama mbili nyekundu za kingo za kioo.

Pale chuoni tulipangiwa uwanja wa nje wa kitivo cha uhandisi, jua kali, mambo yakaenda vizuri sana, maji yanatoka moto yanafuka mvuke na watu wamejaa. Sasa majaji wanafika kwetu, wingu likaja. Mtiririko ukapungua, ukawa matone, ukakata. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema imeharibika hiyo, moyo wangu ukaenda mbio. Yule binti wa kioo akageuka, wala hakupandisha sauti, akasema, "Haijaharibika, inakataa. Maji hayajaiva." Jaji mmoja, profesa mtu mzima, akakunja mikono akasimama pale pale bila kuondoka mpaka wingu lilipopita na maji yakarudi. Wazazi, sikujua niangalie wapi, machozi yalikuwa karibu.

Halafu wakaanza maswali. Lita moja inachukua muda gani? Binti akachukua maka peni akapiga hesabu mbele yao, kupasha lita moja toka nyuzi 20 mpaka 82 kunataka kilojuli kama 260, jua la mchana likipiga mita moja ya mraba linaleta wati zipatazo 1000, tuseme nusu inapotea, zinabaki 500, basi ni kama dakika tisa kwa lita. Ila wao wamepitisha bomba la maji ya moto yanayotoka ndani ya bomba la maji baridi yanayoingia, ili joto lisiende bure, kwa hiyo muda unapungua. Wakaulizwa, je maji yakiwa na chumvi au kemikali? Wakajibu hapo mashine haisaidii, inaua vijidudu tu, kingine kinabaki kama kilivyo. Jibu hili ndo lililonipa fahari kuliko yote ya siku ile, manake mtoto mwingine angeweza kujisifia hapo.

Swali la mwisho ndo nitalirudia huko chini. Profesa aliuliza, kitundu mmekiziba, sasa hewa itatokea wapi? Wakatazamana. Kisha yule kijana wa tone akasogea mbele, akaonyesha kibomba chembamba kilichosimamishwa upande wa kuingilia maji, kirefu kupita usawa wa ndoo, hewa inapandia hapo inatoka na maji mabichi hayapati njia ya kwenda mbele. Profesa akapiga makofi mawili.

Maabara yao ikachukua maji yetu ikayalaza kwenye joto mpaka kesho yake, na jioni wakanitumia picha kwa simu. Kisahani cha maji mabichi kimejaa madoa ya njano, huwezi hata kuyahesabu, na kisahani cha maji ya mashine ni cheupe, hakina doa. Shirika la Afya Duniani linataka kwenye mililita 100 za maji ya kunywa asionekane bakteria wa E. coli hata mmoja, na yetu yalifikia hapo. Hakukuwa na kombe wala mshindi wa kwanza, yalikuwa maonyesho, ila kitivo kimewaalika warudi muhula ujao wakae siku tatu kwenye karakana yao. Hongereni wazazi wa watoto wale, na hongera kwa mwalimu wa fizikia na wa kemia ambao jumamosi zao zote ziliishia kwenye lile boksi.

Sasa wazazi tuongee.

Lile swali la hewa halikuwa la kijana wa tone kulijibu. Kile kibomba kilitengenezwa na mwenzao wa kidato cha tatu, ndiye alikifikiria, ndiye alikipima, ndiye alikuwa amejiandaa kukielezea. Hakuwepo. Siku moja kabla ya safari alikuja kuchukuliwa nyumbani, nikaambiwa ofisini kwangu, uso kwa uso, kwamba kuna msiba. Nikatoa pole, nikasaini ruhusa, nikamwambia kijana jikaze mwanangu. Walimu wakachanga wakampa rambirambi kwenye bahasha. Aliporudi jumatatu mwalimu wake wa darasa akamsimamisha kwenye korido akamwambia pole na msiba, mtoto akaangalia viatu vyake, akatoa ile bahasha mfukoni haijafunguliwa, akasema, "Hakuna msiba mwalimu. Ilikuwa harusi." Akalia.

Simtaji mzazi, anajijua, na nimeshaongea naye. Ila si yeye peke yake na ndo maana naliandika hapa. Msiba hausingiziwi. Muhula huu nimesaini ruhusa za misiba nyingi mno, na walimu wa darasa wakilinganisha tarehe wanakuta zimeangukia ijumaa karibu zote. Mkitaka mtoto aje kwenye sherehe njooni mseme ni sherehe, tutaongea kama watu wazima, kuna siku nitakubali na kuna siku nitakataa na mtanikasirikia, sawa, lakini msimfundishe mtoto wangu na wenu kusimama mbele ya mwalimu wake na kumzika shangazi aliye hai. Yule kijana sasa hataki kugusa lile boksi, anasema wenzake wanamwangalia vibaya. Nimekaa naye mara tatu. Wenzake nao nimewaambia wamwache, kosa halikuwa lake. Toka muhula ujao ruhusa yoyote ya siku za masomo inaombwa na mzazi mwenyewe siku tatu kabla, na ya msiba nitapiga simu kwa watu wawili wa familia, naomba asinune mtu nikipiga.

Na utoro wa siku za kawaida pia. Kuna watoto wa kutwa wamekosa siku kumi na zaidi muhula huu, ukimuuliza mzazi anasema mbona alitoka nyumbani na sare. Alitoka, hakufika. Mwalimu wa zamu anatuma meseji kila asubuhi saa mbili, zinaonekana zimesomwa, majibu hakuna. Mzazi ukiipata ile meseji piga simu saa hiyo hiyo, usisubiri jioni.

Ada. Hapa nitakuwa mkali zaidi na naomba mnivumilie. Basi la safari lilikodiwa kwa mchango wenu, tulikubaliana kwenye kikao, mikono ikapandishwa juu, hakuna aliyepinga. Siku ya kulipa basi mchango ulikuwa haujafika nusu. Sikumwacha mtoto yeyote kwa ajili ya hela na sitafanya hivyo, nikachukua hela ya gesi na kemikali za maabara nikalipa basi. Kwa hiyo sa hivi maabara iliyowapeleka wale watoto chuo kikuu haina gesi, na kidato cha nne walifanya mazoezi ya kemia ya wiki mbili za mwisho kwa kuangalia mwalimu akichora ubaoni. Watoto hao wana mtihani wa taifa mbele yao.

Wapo waliokuja wakakaa kwenye kile kiti wakaniambia mwalimu hali ni ngumu, tukaandikishana watalipa kidogo kidogo, na wanalipa. Nyie hamhusiki na maneno haya, na nawaheshimu sana. Nawasema wale ambao ada ya muhula uliopita bado, ya muhula huu bado, simu haipokelewi, halafu siku ya maonyesho nawakuta mbele kabisa wanapiga selfi na mashine. Kabla ya kufungua, kila mwenye deni awe amelipa au awe amefika ofisini tukaandikishana. Asiyefanya kimoja kati ya hivyo viwili nitamwita kwenye bodi kwa jina, na mtoto hatakuwepo wakati tunaongea.

Mengine ni machache. Simu saba zilizokamatwa bwenini ziko kabatini, mzazi aje mwenyewe kuchukua. Sare za michezo zimefika. Paa la bwalo limezibwa. Tarehe ya kufungua iko kwenye ripoti.

Mwenye gereji au anayemjua fundi, tunaomba themostati kuukuu zinazofanya kazi, hata mbili tu, ila angalieni ubavuni iwe imegongwa 82. Na fomu ya ruhusa ya zile siku tatu za karakana imebanwa nyuma ya ripoti za wale watano. Nimesema watano, yule kijana wa kibomba yumo. Isainiwe na mzazi, na mzazi wake yeye naomba ailete mkononi, waje pamoja na mtoto.

Wenu,
Mkuu wa Shule