Nyuzi, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Tangu uliponiambia simuni kuwa nyuzi za luti yako, hiyo ala ya Kizungu inayofanana na udi wa taarabu, ni za utumbo wa kondoo, usingizi umenipaa. Mbona hukusema mapema? Kanisa utakamoimba lenyewe la mawe, mchana baridi, usiku watu wajae na hita ziwashwe. Utumbo hunywa unyevu wa hewa, sauti ikahama papo hapo. Ingia mapema, itoe luti mkobani, izoee hewa ya mle. Usiiweke karibu na hita.

Nimezisikiliza ulizoniletea. Huyo John Dowland wako, mtunzi wa Kiingereza wa zamani, nilikuwa simjui. Kumbe kitabu chake cha 1597 kina nyimbo 21, na kurasa zimechapwa kila sauti ikielekea upande wake, ili watu wakizunguke mezani wasome pamoja. Hilo limenipendeza sana. Wimbo wa machozi, ule wa 1600, nimeusikiliza mpaka simu ikazima. Umeniliza. Lakini ubeti wa pili unaukimbiza, na anayelia hana haraka. Tena sauti yako ni kubwa, najivunia nayo, ila ukiifungua yote luti itazama. Unajipigia mwenyewe, usijifunike mwenyewe.

Unasema mwalimu wako amewaeleza kuwa jina la luti limetoka kwenye al-ud ya Kiarabu, yaani udi wetu. Marehemu babu yako angefurahi. Yeye akipiga kwa risha, nyinyi kwa ncha za vidole, na shingo ya udi wake haikuwa na vituo vya kubania nyuzi. Vyako umesema ni utumbo uliofungwa kuzunguka shingo. Basi navyo hulegea, vikasogea! Umevikagua?

Na uzi wa akiba uzoeshwe kuvutwa siku kadhaa kabla. Uzi mpya hautulii. Mimi ulinikatikia harusini, ubeti wa tatu, nikashuka jukwaani badala ya kufunga mwingine, wala sikupanda tena. Mama yako alikwambia niliacha kwa ajili ya kazi. Alinisitiri.

Mwaka jana uliniuliza udi wa babu yako uko wapi, nikakujibu mchwa. Mchwa hawakuugusa. Ada yako ya skuli ilikuwa imefika, na yule mnunuzi alikuwa na fedha mkononi. Nawe ulikaa na babu yako miaka yote ile usimwombe akufundishe hata bashraf moja, ule muziki wa ala usio na maneno, leo umekwenda kujifunza kwa watu baki. Ingawa ni mimi niliyekuwa nikikuita jikoni kila ulipokaa karibu yake.

Bati la jikoni tumeshabadilisha, fedha zako zimetosha na kidogo kimebaki, mama yako amenunulia mchele. Pampu ya maji bado mbovu. Shangazi yako goti linamsumbua, lakini amekufungia tangawizi kavu na karafuu. Atakuletea yule jirani anayesafiri Jumatano. Mama anauliza kama gauni lina mikono mirefu. Livae la mikono mirefu, mwanangu, na shingoni ujifunge kitu mpaka dakika ya kuimba.

Mkianza saa moja usiku, huku itakuwa saa nne. Nitakuwa macho. Ukishamaliza kuzitia nyuzi sauti nipigie, hata kama watu wameanza kuingia, uziguse moja moja nizisikie.

Baba yako