Ukishaskani usichome karatasi

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu ndugu aliyeandika humu majuzi kwamba ofisi za mitaa, misikiti na vikundi vya kufa na kuzikana waskani kila kitu, waweke kwenye flashi, halafu makaratasi wayachome maana yanaliwa na mchwa tu. Kwenye kuskani niko nae mia kwa mia. Kwenye kuchoma ndo tunapoachana.

Mi nina steshenari hapa Ngamiani, kutwa naprinti na kupokea flashi za watu, na flashi ikitaka kufa haipigi hodi. Juzi kaja bi mkubwa mmoja na flashi ya picha za harusi ya mwanae, na mpiga picha kwake alishazifuta apate nafasi. Nachomeka, kompyuta inaleta ule ujumbe wa kutaka diski iformatiwe, na mjukuu aliyekuja nae keshashika mausi abonyeze ndio. We, toa mkono hapo! Ukikubali inafutwa orodha ya mafaili, na ukianza kuweka vitu vipya juu yake ndo basi tena. Nikajaribu na programu ya kurikava, yani ya kurudisha mafaili yaliyopotea, zikatoka baadhi, nyingine nusu ya chini yote kijivu, bi harusi unamuona kilemba tu. Yule mama akauliza, "Mwanangu, si nimeitunza kabatini, haijaguswa na mtu?"

Sasa kabatini ndo penyewe. Flashi inashika data kwa chaji ndogo ndogo za umeme ndani ya chipu, chaji hizo zinavuja polepole hata kama haiguswi, na joto linaziharakisha, na joto la Tanga mnalijua. Hapo bado unyevu na chumvi ya bahari kwenye pini zake. CD za kurekodia kwa kompyuta nazo rangi yake ya ndani inaharibika kwa joto na mwanga. Af kuna flashi feki, kwa nje imeandikwa GB 128 kumbe ndani ina 8, unakopi inakubali, majina ya mafaili unayaona yote, siku ya kuyafungua hamna kitu. Kama umeinunua kwa bei ya kutupa, ipime kwanza ikiwa tupu na programu ya H2testw, ni ya bure.

Wengine watasema wao wameweka intaneti kwa hiyo wamelala usingizi. Haya, Myspace, mtandao wa kijamii wa zamani, mwaka 2019 walikiri kwamba nyimbo na picha walizopakia watu miaka ya nyuma zilipotea wakati wa kuhamisha seva, na waliokuwa hawana kopi nyingine zimeenda. Google nao tangu Desemba 2023 wanafuta akaunti binafsi zisizotumika miaka 2, kwa hiyo katibu wa kikundi akifariki na paswedi yake mnaweza kujikuta hamna kumbukumbu hata moja.

Wanaofanya kazi hii ya kutunza kumbukumbu wana kanuni yao ya 3-2-1, yani kopi tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Mbali siyo chumba cha pili jamani, peleka hata kwa shangazi Korogwe. Kila mwaka zifunguliwe, na kifaa kikianza kuzeeka zihamishwe. Wenye Windows kuna amri ya certutil -hashfile, inatoa namba ndefu ya faili, iandikeni daftarini, mwakani mkiitoa tena ikawa tofauti mjue faili limebadilika, chukueni kopi nyingine. Na hati msizitunze kwa kujitumia WhatsApp kama picha, inazibana zinapoteza ubora, tumeni kama dokumenti.

Kinachoniuma zaidi ni kaseti za taarabu. Huu ndo mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na wapo wazee wana kaseti za zamani ambazo vijana wanazigeuza MP3 halafu wanazitupa. MP3 inatupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Rekodini kwanza WAV, aina ya faili inayobakiza sauti yote, hiyo MP3 ya kwenye simu mtaitoa humo humo, na kaseti ibaki, kwa sababu aliyeirekodi kwa redio mbovu leo, kesho anaweza kupata mashine nzuri akairudia.

Mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga