Namba zetu wamezipata wapi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Juzi saa tisa usiku simu inalia, nikaamka moyo unanidunda maana mama yangu amelazwa, kumbe ni meseji ya kubeti eti nimebakiza hatua moja tu nishinde mamilioni. Mimi sijawahi kubeti hata siku moja, sasa namba yangu wameipata wapi? Nikapiga huduma kwa wateja wakaniambia nitume neno la kujitoa, nikatuma, kesho yake zikaja tatu zingine kwa majina tofauti.

Laini tulisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, tukaambiwa ni kwa usalama wetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Zile meseji za matapeli wa "ile hela tuma namba hii" angalau tunazipeleka namba 15040, ila hizi za matangazo wengi hatujui hata tuanzie wapi kulalamika. TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, na Tume watuelekeze jamani, na mtu asitumiwe tangazo mpaka akubali mwenyewe.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam