Tuambiwe pia habari ya kuacha dawa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mifupa ya wanawake waliokoma hedhi ilieleza vizuri namna ya kuanza dawa za kuzuia mifupa kudhoofika. Kuhusu kuziacha haikugusia lolote, na hapo ndipo dada yangu alipoumia.

Alikuwa akichomwa sindano ya denosumabu, mojawapo ya dawa hizo, kila baada ya miezi sita. Mwaka wa tatu akajiona mzima, akaruka sindano moja, kisha ya pili. Hakuna aliyemwonya. Muda si mrefu pingili tatu za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea, moja kwa kuinama tu kuvaa viatu.

Linaloniuma ni kwamba hatari hii inajulikana. Denosumabu haibaki mfupani. Nguvu yake ikiisha, seli zinazobomoa mfupa hurudi kazini kwa kasi kuliko hata kabla ya matibabu, na uimara uliopatikana kwa miaka unaweza kupotea ndani ya mwaka mmoja au miwili. Anayeiacha hupaswa kuhamishiwa dawa nyingine ya kulinda mfupa.

Alendroneti, kidonge cha kulinda mifupa, ni tofauti kabisa. Hujikita mfupani na kuendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa, ndiyo maana mwanamke asiye katika hatari kubwa huweza kupumzishwa baada ya kuimeza miaka mitano. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa walioiacha kwa miaka mitano mingine walipoteza mfupa kiasi kidogo tu. Hata hivyo mivunjiko ya pingili yenye dalili ilikuwa asilimia 5 kwao, na asilimia 2 kwa walioendelea. Kwa hiyo mwenye mgongo uliokwisha kuvunjika asikimbilie kupumzika. Estrojeni nayo, homoni ya kike ambayo pia hulinda mifupa, ukiiacha, kinga yake hufifia upesi.

Na mazoezi? Kutembea peke yake hakuongezi mfupa sana. Mfupa huitikia uzito na mtikisiko, yaani kunyanyua vyuma na kurukaruka, tena chini ya msimamizi kwa aliye dhaifu. Ukiacha, faida huyeyuka taratibu. Lakini misuli na uwezo wa kujimudu usianguke vina thamani yake hata picha ya mfupa isipobadilika, na sindano haitoi hivyo.

Ombi langu kwa madaktari: siku mnapoandika sindano ya kwanza, andikeni papo hapo tarehe ya inayofuata, na dawa itakayoipokea siku itakapokoma.

Msomaji wenu