Anayeuza gari lenye uso wa kupandikiza aseme

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba mafundi bodi wanaobadilisha nyuso za magari, yaani bampa, taa na sho (wavu wa mbele), wote ni matapeli. Yeye aliuziwa Land Cruiser ya 2009 iliyovishwa uso wa 2016, akaja kushtuka fedha zimeshatoka. Nampa pole. Ila ametupaka wote masizi ya chungu kimoja. Mimi ni fundi bodi. Kunyoosha mabati nilijifunza gerejini kwa mjomba, Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, na huu ni mwaka wa 11 nafanya kazi hiyohiyo Norwood, Ohio, mji mdogo uliozungukwa pande zote na jiji la Cincinnati. Nyuso nimebadilisha nyingi, na nyingine ni za magari yaliyozaliwa kabla yangu.

Hapa Norwood ndipo General Motors walipokuwa wakiunda Chevrolet Camaro, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1987. Ni gari la milango miwili, boneti refu, na wengi wanalipenda lenye injini ya V8; Wamarekani huyaita magari ya misuli. Camaro za 1970 hadi 1973 zilitoka na nyuso mbili. Ya kawaida ina bampa moja ya kromu inayokatiza mbele yote, na taa za pakingi ziko chini yake. Ya pili inaitwa Rally Sport, kwa kifupi RS. Hiyo bampa yake ni vipande viwili vifupi, kimoja kila upande, kama masharubu yaliyonyolewa katikati. Sho inasimama peke yake ndani ya fremu ya uretheni, ambayo ukiibonyeza ni kama mpira mgumu, na taa za pakingi ni za duara, zimepandishwa zikakaa kati ya sho na taa kubwa. Ukiiona jioni barabarani unadhani inakukunjia uso.

Na RS halikuwa gari jingine. Mnunuzi alichagua RS kwenye fomu ya oda, msimbo Z22, akaongeza dola zake, basi. Boneti ni lilelile, madigadi ni yaleyale. Ndiyo maana uso unahamishika.

Mwaka jana mzee mmoja mstaafu aliniletea Camaro ya 1971, ya uso wa kawaida, akitaka ya RS. Alidhani ni kazi ya bampa na sho. Nikamkalisha kwenye ndoo ya rangi nikamhesabia: bampa mbili na vyuma vya kuzishikilia, fremu ya uretheni, sho yenyewe, nguzo ya katikati inayoibeba, bati la juu linalokutana na boneti, taa mbili za duara na vikombe vyake, na bati la chini ya bampa, kwa sababu la kwake lina matundu ya taa za pakingi na la RS halina. Halafu waya za taa hizo zipande juu. Akanyamaza kidogo, akauliza tunaanza lini.

Tulitumia miezi saba kutafuta. Majalala ya magari ya Ohio hayana msaada tena kwa gari la umri huo: kila baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi imekula mabati kama mchwa. Vipuri vingi vinavyong'aa vinatengenezwa upya, vingine Taiwan, unaagiza vinakuja kwa boksi. Fremu ya uretheni ilifika imejipinda kwa kukunjwa, nikaianika juani siku mbili na kuifunga kwenye ubao ndipo ikakumbuka umbo lake. Rangi yake pia huchanganywa na dawa ya kulainisha, vinginevyo ikinesa tu rangi inapasuka. Bati la juu nililichonga mara tatu kabla halijakaa sawa na boneti, na bado mwanya wa kushoto unaingiza kidole zaidi kuliko wa kulia. Mimi nauona. Mzee hauoni, nami sijamwambia.

Kilichotutesa ni vyuma vya kushikilia bampa. Vipya nilivyoletewa matundu yake hayakukutana na ya chesisi. Vya zamani watu walivitupa, kwani nani anatunza chuma cha kutu kisichoonekana? Tulivipata Springfield, kwenye mnada wa spea kuukuu, mwendo wa saa moja na ushee kutoka hapa, tulikofika alfajiri na tochi. Vilikuwa chini ya meza, ndani ya kreti la maziwa, pamoja na kufuli na pasi ya umeme. Dola 60 vyote. Ningelipa 200.

Nikiwa na kazi ile nilikuwa nikipita pale kiwanda kilipokuwa, nikiwaza mgomo wa 1972. Wafanyakazi waligoma siku 174. Magari yapatayo 1,100, Camaro na ndugu yake Firebird, yalibaki kwenye mstari hayajaisha, na mgomo ulipokwisha sheria ya 1973 ya kutaka bampa zistahimili kugongwa kwa mwendo mdogo ilikuwa imewadia; yale hayakuifikia. Yakapondwa. Kila nilipokosa chuma nilikuwa nikiyahesabu.

Sasa nirudi kwa msomaji. Wiki chache baada ya kumaliza ya mzee, kijana alileta Camaro ya kijani, ya 1972, aliyoinunua kama RS halisi na kuilipia bei ya RS halisi. Aligonga mti kidogo tu. Nilipofungua mbele nikakuta bati la chini lina viraka viwili vya faiba, palepale panapokaa taa za pakingi za uso wa kawaida. Waya zilikuwa zimeungwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe mweusi. Ilikuwa kazi kama yangu, tena mbovu kuliko yangu, na aliyemuuzia hakutamka neno. Kijana alikaa kwenye ndoo ileile ya rangi.

Huyu hakuwa na pa kusoma. Namba ya chesisi ya Camaro ya miaka ile inakuambia mwaka na kiwanda, N ni Norwood, lakini kuhusu RS haisemi kitu. Kwetu Tanzania kadi ya gari ina mwaka wa kutengenezwa, rangi, namba ya injini na ya chesisi. Land Cruiser ya 2009 itabaki 2009 kwenye kadi hata ikivikwa uso wa kesho. Samahani kwa msomaji wako, lakini kadi alipewa. Mtu anayechora namba ya gari kwenye taa na vioo vya pembeni ili wezi wasivipeleke kuviuza kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, anashindwaje kusoma kadi?

Hilo halimsafishi muuzaji. Ninachoomba mamlaka zetu wafikirie ni mstari mmoja kwenye mkataba wa mauziano: uso wa gari ni wa asili, au umebadilishwa. Muuzaji atie saini. Kwangu nimeshaanza. Kila uso ninaobadilisha nauandikia karatasi yenye tarehe na picha za kabla na baada, na viungo vya zamani sivitupi, namrudishia mwenye gari. Bampa nzima ya mzee, pamoja na lile bati lenye matundu, imefungwa blanketi na kuning'inizwa kwenye dari ya banda lake, na karatasi imebandikwa kwa ndani. Wanawe wakiliuza gari siku moja, watauza na bampa.

Na msomaji huyo akienda tena kununua, afungue boneti aangalie vichwa vya bolti za madigadi. Rangi ikiwa imekwanguka kwa spana, amuulize muuzaji, kisha amwangalie usoni.

Fundi bodi,
Norwood, Ohio