Mwanangu, kondoo huyo si mpole

Mwanangu,

Rasimu yako kuhusu wanyama katika A Wild Sheep Chase, riwaya ya Mjapani Haruki Murakami, nimeisoma mara mbili. Una jicho kali, na nimejivunia. Lakini ukurasa wa tatu unasema kondoo wa Murakami ni ishara ya upole. Umeutoa wapi upole huo? Riwayani haumo. Umeutoa kwenye methali yetu, "kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana".

Kondoo yule ana nyota mgongoni. Humwingia mtu, humtumia, kisha humwacha ganda tupu. Yule Profesa wa riwayani aliingiwa naye huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, mwaka 1935, wakati Japani imekwisha kuikalia. Upole gani huo?

Jiulize kwanza kondoo alifikaje Japani. Kabla ya enzi ya Meiji, iliyoanza 1868, walikuwa karibu hawapo. Serikali iliwaagiza kwa ajili ya sufu, na sufu ikashonwa sare za jeshi. Ukishajua hilo, mrudie yule mfugaji wa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, Muainu, yaani mwenyeji wa asili wa huko: mwanawe anafia vita vya Japani na Urusi vya 1904–1905, mwilini kavaa koti la sufu. Mrudie na Mtu-Kondoo, yule avaaye ngozi ya kondoo, aliyejificha ili asipelekwe vitani. Huyu ndiye wa kukaa naye kurasa mbili nzima, nawe umempa mstari mmoja!

Shika penseli. Kila mnyama anapotokea, andika pembeni anafanya nini na nani anafaidika. Maana ije mwisho. Ukiitanguliza, utaona ulichokuja nacho tu, kama ulivyomfanya Panya kuwa uchafu. Panya ni jina la utani la rafiki wa mhusika mkuu, analo tangu riwaya ya kwanza ya Murakami, ya 1979. Naye anapojiua, kondoo kalala ndani yake, hafi kikondoo: anamuua kondoo. Paka mwache. Dereva kamwita Iwashi, jina la samaki, kama sisi tungemwita Dagaa, basi.

Pengine kosa si lako peke yako. Sungura mjanja, fisi mlafi, kila jioni vilevile, na msimuliaji hakukuambia kwamba fisi wa kwingine ana mambo mengine.

Koti lako la mitumba nimelianika uani, linanuka dawa ya nondo. Vifungo viwili vimelegea. Baba yako atalipeleka kwa fundi kesho. Sapporo, huko huko Hokkaido, mwezi wa pili ni theluji tupu, usiende na lile jepesi. Majani ya chai yafunge mbali na vitabu, na begi ulipime kabla ya Jumamosi, si uwanjani.

Ukurasa wa tatu niupate Alhamisi, umeandikwa upya.

Mama yako