Makanisa yasingoje maji yafike mlangoni

Mhariri,

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Ahero, Kaunti ya Kisumu, na ni Mkatoliki. Mto Nyando ukivunja kingo, kazi ya kuchambua nguo za msaada huniangukia mimi, eti kwa kuwa fundi anazijua nguo. Nazijua kweli. Mwaka 2024, shule zilipochelewa kufunguliwa nchini kwa sababu ya mvua, nilifungua magunia ya wahisani nikakuta makoti mazito, suti za harusi na viatu vya visigino virefu. Visigino, kwa matope ya uwanda wetu wa Kano! Udongo wetu mweusi ukilowa hunasa hata gambuti. Akina mama waliokuwa kambini walitaka leso, nguo za ndani, sodo na neti za mbu za watoto. Hivyo havikuwamo. Makoti niliyafumua nikayaunganisha kuwa mablanketi ya watoto, maana kuyatupa niliona ni dhambi.

Siwalaumu waliotoa. Mtu akitangaziwa Jumapili kwamba gari la msaada linaondoka Jumatatu, atatoa kilicho karibu, na kilicho karibu ni kile asichokivaa. Ninaotulaumu ni sisi tunaokaa kanisani mwaka mzima tukijua maji yanakuja. Mto huu hushuka kutoka milima ya Nandi, Tinderet na Londiani, hivyo mtu wa Kano anaweza kuamka godoro likielea na kwake halijanyesha tone. Mwaka 2020 ilikuwa mbaya zaidi. Ziwa Victoria lilijaa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, mto ukakosa pa kumwaga maji, nayo yakatulia mashambani na majumbani. Tangu hapo, ni nani kwetu atakayesema hakujua?

Nawaomba wasomaji Wakristo wafungue Matendo ya Mitume, sura ya 11. Nabii Agabo alitabiri kwamba njaa kuu ingekuja, nao waumini wa Antiokia wakaazimia pale pale kuwasaidia ndugu zao wa Uyahudi, kila mmoja kwa kadiri alivyojaliwa. Msaada wakawakabidhi Barnaba na Sauli wawapelekee wazee wa huko. Hatusomi popote kwamba walingoja kwanza waonyeshwe picha za wenye njaa. Sisi Agabo wetu ni Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Husema mapema kila mwaka kabla ya mvua ya masika, nasi hubadilisha stesheni tutafute muziki.

Tena kalenda yenyewe inatusaidia. Kwaresima huanza Februari au mwanzoni mwa Machi, wakati ardhi ya Kano imepasuka kwa jua na hakuna anayewaza mafuriko. Ndipo tunapofunga na kujinyima. Kwa nini kile tulichojinyima kisinunue turubai, jerikeni, dawa ya kutibu maji na sodo, vikawekwa katika parokia zilizo mahali pa juu kabla tone la kwanza halijaanguka? Kila jumuiya ndogo ndogo ikileta kitu kimoja tu kwa zamu, stoo itajaa bila harambee.

Na stoo hiyo isiwe ya Wakatoliki peke yao. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya msaada katika kanisa moja, sitalitaja, nikamwona mama wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Katoliki, akiulizwa kadi yake ya jumuiya. Alikuwa na mtoto mgongoni, na kama angekuwa na kadi yoyote ingekuwa imekwenda na maji. Aliyeuliza alikuwa amevaa rozari shingoni. Hasira ile sijaimaliza.

Jambo jingine ni mabango. Kuna kikundi kilichotuletea unga, na bango la kupigia picha lilikuwa refu kuliko mzigo. Sawa, unga tuliupika. Lakini wageni huja maji yakiwa juu, na kazi kubwa huanza yakishuka: kufukua matope ndani ya nyumba, kusafisha visima, kuchimba upya vyoo vya shimo vilivyofurika kabla kipindupindu hakijaingia, kutafuta mbegu za kunde na sukuma wiki ili unyevu usipotee bure. Vijana wa makanisa ya mjini Kisumu wakija wakati huo na majembe, bila bango, tutawapikia sisi.

Najua kuna watakaosema kujenga kingo na kumaliza bwawa la Koru-Soin la kuzuia mafuriko ya Nyando ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tuendelee kuidai. Lakini bwawa halimzuii mtu kununua neti.

Kwa mapadre na wachungaji wa Nyando, Nyakach na Budalang'i nina ombi moja. Utabiri wa masika ukitoka, usomwe kanisani kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama wakati wa matangazo, kabla ya yale ya ndoa, na hapo hapo itajwe jumuiya itakayoanza kuleta turubai.

Fundi wa cherehani,
Ahero, Kisumu